Kusimbua maandishi ya URL ndani ya SQL: pale inapofaa na pale inapodanganya

Mteja anaandika "nyama ya ng'ombe" kwenye kisanduku cha kutafuta, kivinjari kinatuma `nyama+ya+ng%27ombe` (nafasi imekuwa `+`, na ritifaa, yaani alama ya ', imekuwa `%27`), na mfumo unahifadhi anwani nzima kama ilivyokuja. Baadaye meneja anataka ripoti ya maneno yanayotafutwa zaidi. Mchambuzi ana ruhusa ya kusoma hifadhidata tu, msimbo wa tovuti haumhusu. Je, asimbue, yaani ayarudishe maandishi ya kawaida, humo humo kwenye SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Data ghafi ikibaki ilivyo, kosa la usimbuaji litasahihishwa wakati wowote. Ukisimbua kabla ya kuhifadhi na ukakosea, huna pa kurudi. Tena baadhi ya injini za hifadhidata zina fanksheni tayari: Trino ina `url_decode`, ClickHouse ina `decodeURLComponent`, Oracle ina `UTL_URL.UNESCAPE`. Kwa ripoti ya mara moja kwenye injini kama hizo, kuandika programu ya pembeni ni kujitwisha mzigo bure.

Lakini MySQL haina fanksheni hiyo, kwa hiyo watu hupanga `REPLACE`, fanksheni ya kubadilisha kipande cha maandishi kwa kingine, juu ya `REPLACE`. Hapo ndipo ninapopinga, kwa sababu matokeo yanaonekana safi ilhali yameharibika. `REPLACE` ya MySQL hutofautisha herufi kubwa na ndogo: ukitafuta `%2F` (alama ya /), `%2f` inakupita ingawa maana ni ile ile. Mpangilio nao una uzito. Ukianza na `%25`, ambayo ni alama ya asilimia yenyewe, basi `%2520` inakuwa `%20`, kisha inageuka nafasi tupu, wakati mtumaji alikusudia `%20` yenyewe. Alama ya kujumlisha nayo lazima igeuzwe nafasi kabla hujaigusa `%2B`, ambayo ni kijumlisho halisi. Ukipindua, namba ya simu iliyotumwa sawasawa kama `%2B255` inabaki bila kijumlisho chake.

Kibaya zaidi ni ritifaa. Kibodi nyingi za simu huweka ile iliyopinda, ’, nayo kwenye URL inakuwa `%E2%80%99`: baiti tatu zinazounda alama moja. Anayebadilisha baiti moja moja anapata `ngâ€™ombe`. Na hata ukisimbua vizuri kabisa, ng'ombe na ng’ombe zitahesabiwa kama maneno mawili, na neno linaloongoza linaweza kushuka nafasi kwenye ripoti bila mtu kujua. Lugha yetu imejaa ng', hivyo jambo hili si dogo kwetu. Ritifaa zote zigeuzwe aina moja kabla ya kuhesabu.

Kuna pia suala la kasi. Ukiweka usimbuaji ndani ya `WHERE`, sehemu ya kuchuja mistari, faharasa (index) ya kawaida ya safuwima ile haisaidii tena, injini inapitia mistari yote. MySQL kuanzia 8.0.13 inakubali faharasa juu ya usemi, yaani matokeo ya fanksheni au hesabu badala ya safuwima tupu, ila usemi huo hauruhusiwi kuita fanksheni uliyoiunda mwenyewe. Na anayetafuta `LIKE '%27%'` asishangae kuletewa kila mstari wenye 27, maana kwenye `LIKE` alama ya asilimia husimamia herufi zozote.

Kwa mchambuzi wetu aliye kwenye MySQL, ningemshauri atoe mistari anayoihitaji, aisimbue kwa `unquote_plus` ya Python, ndipo ahesabu. Kama ripoti itahitajika kila wiki, wenye mfumo waongeze safuwima ya pili: ya kwanza ibaki na anwani ghafi, ya pili ibebe neno lililosimbuliwa mara moja tu. Ukurasa utakaoonyesha maneno hayo ukinge alama za HTML zisisomwe kama amri, kwani `%3Cscript%3E` ikishasimbuliwa ni tagi kamili. Na tovuti ikiwa ya PHP, thamani zilizo ndani ya `$_GET`, mahali PHP inapoweka vigezo vya URL, tayari zimesimbuliwa. Kuita `urldecode()` tena juu yake kunarudisha kosa lile lile la `%2520`.