Jahazi la Plastiki na Hesabu ya Watoto

Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa kandambili. Mwaka uliofuata likatweka hadi Unguja. Je, jambo kama lile huzaliwa na wingi wa vichwa, au na vichwa vilivyosoma?

Swali hili si la mezani tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto wanane. Utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta 3.4. Na kadiri mwanamke anavyosoma, ndivyo anavyozaa wachache.

Wanaofurahia hesabu hii wana hoja aliyoiweka mchumi Gary Becker: mzazi mwenye watoto wachache humsomesha kila mmoja zaidi. Korea Kusini ilifuata njia hiyo. Mwaka 1960 ilikuwa na wastani wa watoto sita kwa mwanamke, na leo ni miongoni mwa wakubwa wa kuunda meli duniani. Lakini mwaka 2023 wastani wake ulishuka hadi 0.72, na shule zinafungwa kwa kukosa wanafunzi.

Hapo ndipo wenye hofu ya watu kupungua wanapopata nguvu. Mchumi Paul Romer alionyesha kwamba ujuzi haupungui kwa kutumiwa. Samaki nikimla mimi, wewe humpati. Lakini mmoja akigundua namna bora ya kukata tanga, Lamu nzima itatweka nayo. Mchumi mwenzake Charles Jones akaongeza mwaka 2022: kama ujuzi mpya hutoka kwa watu, watu wakizidi kupungua, maendeleo yatadumaa hata kama kila mtu amesoma.

Kwa Kenya, ambayo idadi ya watu wake bado inaongezeka, naona hofu ya Jones iko mbali. Ila Matondoni, kijiji cha waunda majahazi kisiwani Lamu, naiona kwa sura nyingine. Fundi wa zamani mwenye wana sita hakukosa mmoja wa kupenda tezo, chombo cha kuchongea mbao. Mwenye wawili huwapeleka wote shule, na shule huwapeleka Mombasa na Nairobi. Elimu imeongezeka, wanagenzi wamepungua, na kwa maoni yangu ubunifu unaopotea hapo si wa kuhesabiwa kwa vyeti. Jahazi la plastiki halikutoka darasani peke yake: lilihitaji mtu ajuaye mkuku na mataruma, yaani uti na mbavu za jahazi, kwa mkono, tena aliye tayari kujaribu kitu kinacholegea kikipata joto.

Nami sijitoi lawamani. Wanangu ni wawili, na mdogo anasomea uhandisi bara. Idi iliyopita nilimpeleka Matondoni. Akamwuliza fundi kwa nini omo, sehemu ya mbele ya jahazi, imeinama vile. “Jicho langu ndilo lisemalo,” mzee akamjibu, akaendelea kukalafati, kuziba nyufa za mbao. Kijana akatoa simu, akaomba mtu amshikie ncha ya utepe, akaanza kupima.