Petisheni Bungeni: inasomwa, halafu?

Wakenya tunajua sana kuandamana lakini kifungu cha 119 cha Katiba wengi wetu hatukijui, na ndicho kinachompa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni litunge sheria, liirekebishe au liifute kabisa. Huhitaji wakili, huhitaji chama. Sheria ya petisheni ya 2012 inataka uandike kwa mkono au upige chapa, Kiswahili au Kiingereza, lugha iwe ya heshima, useme kama kesi iko kortini na kwamba ofisi husika ulishaiendea ukakosa jibu la kuridhisha, kisha jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika anaweka kidole gumba. Hapo nawapa heko walioitunga, maana hata mama wa kule mashinani mlango uko wazi kwake.

Kinachoniuma ni kinachofuata. Ombi linasomwa, linapelekwa kwa kamati, kamati inaandika ripoti, basi, na hakuna mahali Katiba inamlazimisha mbunge kuchukua hatua.

Angalieni hii ya theluthi mbili ya jinsia jameni. Katiba ya 2010 ilishasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama wa vyombo vya kuchaguliwa, Mahakama ya Juu nayo 2012 ikasema sheria ya kutekeleza hilo iwe tayari kufikia 27 Agosti 2015, Bunge likajivuta, na Februari 2019 mswada ukafa tena kwa sababu tu wabunge waliofika hawakutimiza idadi, yaani hata kuja kuupinga waziwazi hawakuja. Ikabidi watu wamwendee Jaji Mkuu David Maraga na petisheni sita, na tarehe 21 Septemba 2020 akamshauri Rais Uhuru Kenyatta avunje Bunge. Korti ikasimamisha huo ushauri siku chache baadaye na waheshimiwa wakakaa zao mpaka uchaguzi wa 2022, mishahara ikiingia kama kawaida!

Mimi nataka kitu kimoja. Kila ripoti ya kamati kuhusu ombi la mwananchi ijadiliwe ndani ya ukumbi na ipigiwe kura kwa majina, tujue mbunge wetu alisema ndiyo, la, au hakuwepo kabisa. Asiyekuwepo ndiye ninayemtaka zaidi.

Na wewe unayepanga kupeleka ombi, liandike kwa Kiswahili chako ukitaka, sheria inakuruhusu, lipeleke kwa Karani wa Bunge na usitoke hapo bila nakala iliyogongwa muhuri.