Suruali ya binti, suti ya mzee, na aya tunazoziruka

Kuna binti alirudishwa mlangoni kanisani kwetu kwa sababu ya suruali. Sitaji kanisa wala mji, maana hata nikikaa kimya nusu yenu mtadhani ni kwenu. Suruali yenyewe ilikuwa ya kitambaa, pana, ya heshima kabisa, juu kavaa blauzi ndefu. Mhudumu wa mlangoni alimwambia kwa upole tu, "Dada yangu, jifunge khanga kwanza," akamwonyesha na boksi la khanga za akiba. Binti akaiangalia khanga, akamwangalia mhudumu, akageuka akaenda zake. Tulipotoka ibadani mzee mmoja wa kanisa akatufafanulia pale nje, Kumbukumbu la Torati 22:5, mwanamke asivae mavazi yampasayo mwanamume, imeandikwa, hatujatunga sisi.

Basi mi nikarudi nyumbani nikaisoma sura nzima, na nawashauri na nyie mkaisome. Aya ya 8, aya tatu tu chini ya ile ya suruali, inasema ukijenga nyumba mpya weka ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka ukaiweka hatia ya damu juu ya nyumba yako. Sasa kanisani kwetu ngazi ya kupanda kule juu wanakokaa kwaya haina hata bomba moja la kushikilia, mwaka wa pili huu, watoto wa Sande skuli wanapanda na kushuka mbio na kila ukiuliza unaambiwa bado tunachangisha. Aya ya 11 inakataza kuvaa sufu na kitani pamoja. Aya ya 12 inataka vishada kwenye pembe nne za nguo unayojifunika. Na ukienda Walawi 19:19 imepanuliwa kabisa, usivae nguo iliyochanganywa namna mbili, wakati suti ya mzee wetu (naijua, tulinunua duka moja) lebo yake imeandikwa polista 65, viskosi 35. Hakuna aliyemletea khanga.

Nikaiweka hiyo kwenye grupu la WhatsApp la jumuiya yetu. Jibu likaja fasta: hayo ni Agano la Kale ndugu, sisi tuko chini ya neema. Nikauliza, na ya suruali je? Kimya. Baadaye mtu akatuma stika ya mikono inayoomba, mada ikaisha.

Hilo jibu la "Agano la Kale limepita" ndo nataka tulikalie kidogo maana tunalitumia kama kifutio, tunafuta tunapotaka na pengine tunapaacha. Chukua zaka. Kila Mkristo wa nchi hii anaijua Malaki 3:10, leteni zaka kamili ghalani, tumeisikia mpaka tunaiota. Malaki ni Agano la Kale. Sasa fungua Kumbukumbu la Torati 14, kuanzia aya ya 22, usome zaka yenyewe ilivyokuwa inatumika. Ilikuwa ni nafaka, divai na mafuta, na mtoaji alikuwa anaila yeye na watu wa nyumbani mwake mbele za Bwana, pamoja na wazaliwa wa kwanza wa mifugo. Kama njia ni ndefu, anauza mazao, anafunga hela, akifika anainunulia chochote roho yake inachotamani, ng'ombe, kondoo, divai au KILEO (sijatunga, aya ya 26) anakula na kufurahi. Na kila mwaka wa tatu inabaki mjini kwao kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Nina miaka arobaini na kitu kanisani, sijawahi kusikia mahubiri ya aya ya 26 hata mara moja, wala ile ya mwaka wa tatu sijaona bajeti yake. Sisemi msitoe, natoa na mimi. Nasema tu kwamba aya moja ya zaka tumeichukua neno kwa neno na nyingine tumeiambia wewe ni utamaduni wa Waisraeli.

Haya, tuseme tumeachana na la Kale kabisa, twende Jipya. Matendo ya Mitume 15. Mitume na wazee wamekaa Yerusalemu kuamua hasa hili swali letu, yaani watu wa mataifa wafuate kipi katika Torati na kipi waachiwe. Tohara wakaiondoa. Wakabakiza mambo manne: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati. Hayo manne waliyaandika kwenye barua yakasambazwa makanisani. Uasherati tunauhubiri kila wiki. Damu je? Mi ni mtu wa Kilimanjaro, na kwetu mbuzi akichinjwa kisusio lazima, na kisusio bila damu ni supu tu kama supu nyingine. Mwinjilisti anakunywa, mzee wa kanisa anaongeza kibakuli, mkwe akija anapewa kwanza. Majirani zetu Wakenya wana mutura, utumbo uliojazwa nyama na damu. Nilimuuliza mama yangu, mwanamke ambaye hajakosa ibada tangu nimfahamu, akanijibu, "Mwanangu, hao walioandika hawajawahi kukaa Rombo mwezi wa saba." Na akaendelea kukoroga.

Mashahidi wa Yehova ndo wameishikilia hiyo ya damu mpaka hospitali, tangu mwaka 1945 wanakataa kuongezewa damu, na sisi tunawashangaa. Wasabato hawagusi kitimoto, wala kambale kwa sababu hana magamba, wala kamba, Walawi 11 hiyo, na tunawatania sana. Ila kabla ya meza ya Bwana wanaoshana miguu, kila anayeshiriki, kwa sababu Yohana 13 Yesu alisema na ninyi imewapasa kuoshana. Wakatoliki wanafanya Alhamisi Kuu, padri anaosha miguu ya wachache walioteuliwa. Sisi wengine hatuoshani kabisa, tunasema ile ilikuwa mfano wa unyenyekevu. Kwanini mkate na kikombe si mfano halafu beseni la maji ndo mfano? Sijawahi kupata jibu ambalo halizunguki. Busu takatifu limeagizwa mara tano kwenye nyaraka, nne za Paulo na moja ya Petro, na sisi tunapeana mkono, tena wengine baada ya korona wanapunga tu.

Na hii ya kuapa ndo inanichekesha zaidi. Mathayo 5:34 Yesu mwenyewe, si Musa, anasema msiape kabisa, ndiyo yenu iwe ndiyo. Sasa nenda mahakamani. Karani anakupa nini ushike? Biblia. Unaapa ukiwa umeshika kitabu kinachokukataza kuapa, na marais wetu Wakristo waliapishwa hivyohivyo tukapiga makofi. Wapo walioichukulia kama ilivyo, wale wa Kanisa la Marafiki (Quakers), ambao wenzao Uingereza karne ya 17 walifungwa jela kwa kugoma kuapa. Wakaja mpaka Kaimosi kule magharibi mwa Kenya mwaka 1902 na leo Kenya ni moja ya nchi zenye Marafiki wengi zaidi duniani.

Wanateolojia wana jibu lao na si baya. Wanasema sheria za Musa zina mafungu matatu: za maadili zinabaki, za ibada zilitimizwa na Kristo, za kiraia zilikuwa za taifa la Israeli. Thomas Aquinas aliligawa hivyo karne ya 13, na Waprotestanti wengi wakalichukua. Na kuhusu vyakula Marko 7:19 anasema wazi kwamba Yesu alivitakasa vyakula vyote, halafu kuna ile shuka ya Petro katika Matendo 10, aliyoiona kwenye maono imejaa wanyama wa kila aina akaambiwa achinje ale, kwahiyo mla kitimoto ana pa kusimama, hajajitungia. Shida ni kwamba Biblia yenyewe haikubandika lebo. Walawi 19 aya ya 18 ni umpende jirani yako kama nafsi yako. Aya ya 19, inayofuata palepale, ni nguo za nyuzi mbili. Aya ya 28 ni chale na alama mwilini, ambayo vijana wetu wenye tatuu wanasomewa mpaka wanaikariri. Na aya ya 13 inasema ujira wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi. Hii ya 13 naomba mnisaidie, ni fungu gani? Maana wadada wa kazi za ndani wa nyumba nyingi za Kikristo, wengine wanamaliza miezi miwili hawajashika hela, na sijawahi kuona mtu akirudishwa mlangoni kwa hilo.

Hapo ndo nilipoanza kuhisi kwamba hatuchagui kwa mafungu matatu wala kwa maagano mawili. Tunaangalia aya inamgharimu nani. Ya suruali inamgharimu binti, hiyo ni neno kwa neno. Ya tatuu inamgharimu kijana, neno kwa neno. Ya ukingo wa ngazi inaligharimu kanisa, hiyo inahitaji muktadha. 1 Timotheo 2 aya ya 12 mwanamke asifundishe, iliwagharimu mama zetu, wakawa wanafundisha Sande skuli, wanaongoza vikundi vya maombi na kupika kwenye kila semina lakini madhabahuni hapana, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990 KKKT, yaani Kanisa la Kilutheri Tanzania, ilipoanza kuwabariki wanawake kuwa wachungaji, na hata hapo si dayosisi zote zilikubali kwa mkupuo. Aya haikubadilika hata nukta. Watu ndo walibadilika waliokuwa wanaisoma. Aya tatu juu yake, ile ya 9, inakataza kusuka nywele na dhahabu, na hao hao waliokataa mwanamke asihubiri walikuwa na wake zao wamesuka na pete ya dhahabu wamewavika wao wenyewe, kanisani, mbele ya mchungaji.

Kuna kitu cha nyumbani kwetu nikielezee maana ndicho kinachonifanya nisicheke sana na haya mambo. Babu mzaa babu yangu alikuwa na wake wawili alipotaka kubatizwa. Akaambiwa achague mmoja. Akabaki na wa kwanza, wa pili akarudishwa kwao na watoto wawili, kihamba (shamba la nyumbani) akapoteza, jina akapoteza, na kwenye ukoo wetu hata leo hatajwi kwenye mikutano, nilimjua kwa sababu shangazi mmoja alizeeka akaanza kusema ovyo. Sasa fikiria. Ibrahimu alikuwa na wake, Yakobo, Daudi, Sulemani ndo usiseme. Katazo wazi la wake wawili kwa muumini wa kawaida ulitafute sana, Paulo anasema askofu na shemasi wawe waume wa mke mmoja. Lakini kuacha mke, Yesu alisema kwa mdomo wake katika Marko 10. Kwahiyo walimfanya mzee avunje kilichoandikwa wazi ili atimize kilichopatikana kwa kukisia, na aliyelipa ni mwanamke ambaye hakuna aliyemuuliza kitu. Waanglikana kwenye mkutano wa Lambeth wa 1888 waliamua mwenye wake wengi asibatizwe mpaka aache hali hiyo. Mwaka 1988, miaka mia kamili baadaye, mkutano uleule ukakubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto, mradi aahidi kutoongeza mwingine. Miaka mia. Biblia ni ileile.

Na si kila kubadilika ni kulegea, nisieleweke vibaya. Mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa na Waanglikana wakaanza kujenga kanisa kuu palepale Mkunazini. Humohumo kwenye Agano Jipya walilokuwa wanalitafsiri kwa Kiunguja kuna Waefeso 6:5, enyi watumwa watiini mabwana zenu. Wenye mashamba ya pamba kule Marekani walikuwa wanaipenda sana hiyo aya na kwa kusoma herufi walikuwa na hoja. Waliojenga Mkunazini waliisoma wakaipita, na hakuna Mkristo leo anayewaambia walikosea kuipita.

Kwahiyo kuchagua tunachagua wote, anayesema yeye anafuata Biblia yote kama ilivyo muulize juu ya riba.

Riba ndo yangu. Kutoka 22:25, Walawi 25, Kumbukumbu 23:19, usimtoze ndugu yako riba. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325 uliwakataza makasisi, na mwaka 1179 Mtaguso wa Tatu wa Laterani ukasema watoza riba wanaojulikana wasizikwe kikristo. Kasisi wa zama hizo angeona SACCOS zetu za kanisa angezimia. Na mi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tunakutana chini ya mwembe wa kanisa baada ya ibada ya pili, tunafungua kwa sala, tunakopeshana kwa asilimia 10. Kuna mama mjane alikopa laki tatu mwezi wa tatu, mtoto alikuwa anaumwa, mpaka sasa amesharudisha laki tatu na bado kitabu kinamdai. Jumapili iliyopita alikuja akaomba tumsamehe riba ya miezi miwili. Wanachama wakaniangalia mimi. Nikasema katiba ya kikundi haina kipengele hicho, tutalijadili kikao kijacho.

Kikao kijacho ni keshokutwa. Biblia nitakuwa nayo mkononi, ndo tunayofungulia sala.