Mpira wa Marekani haukuvuka bahari, wetu umevuka mno

Mtoto wa ami yangu anaishi Ohio miaka mingi sasa. Alipokuja kula Idi na sisi alileta mpira wa Kimarekani, ule uliochongoka ncha mbili kama embe boribo. Tukaupeleka pwani ya Jambiani, Unguja, jioni, maji yamekupwa hadi mbali, watoto wameshachomeka vijiti vya magoli mchangani. Wakaupokea kwa shangwe, wakarushiana mara nne tano, kisha mmoja akaupiga teke. Ukadunda kushoto, ukadunda kulia, ukaishia kwenye mwani wa watu. Hazikupita dakika kumi wakamrudishia mwenyewe na kuendelea na mpira wao wa duara uliochunika ngozi.

Usiku ugomvi ukahamia barzani. Mgeni wetu akatandaza hesabu zake: ligi ya mpira huo, NFL, ndiyo inayoingiza fedha nyingi kuliko ligi yoyote ya mchezo duniani, na fainali yake, Super Bowl, ya Februari 2025 kati ya Philadelphia Eagles na Kansas City Chiefs ilitazamwa Marekani na wastani wa watu milioni 127. Barza nzima ikamcheka. Mpira gani huo, yakhe, unaobebwa mkononi kama furushi?

Kicheko hicho mimi sikukipenda, ingawa nilicheka. Kandanda na rugby ni watoto wa nyumba moja. Skuli za Uingereza za karne ya 19 kila moja ilicheza mpira kwa kanuni zake, na mwaka 1863 jijini London waliotaka mpira usibebwe mkononi wakaandika sheria zao, wengine wakabaki na rugby. Rugby ikafika vyuo vya Marekani, na katika miaka ya 1880 Walter Camp akaikata upya: mchezo unasimama mbebaji akiangushwa, na timu inapewa majaribio ya kuhesabika. Leo majaribio hayo ni manne, na ndani yake lazima usogee yadi 10, yaani mita tisa na kitu. Ukishindwa, unampa mwenzako mpira.

Ukilishika hilo, mchezo unafunguka. Binamu yangu alipokuwa akinichorea mipango mchangani kwa kidole niliona kwamba mchezo ule uko karibu zaidi na bao kuliko na kandanda. Unafikiri, unacheza, unatulia, unasubiri mwenzako ajibu. Kocha anahesabu kete tatu mbele. Anayesema hauna akili hajautazama.

Tatizo ni huko kutulia. Mwaka 2010 gazeti la Wall Street Journal lilipima matangazo ya mechi za NFL, likakuta kwamba katika zaidi ya saa tatu mbele ya televisheni mpira wenyewe unachezwa dakika 11 hivi. Zilizobaki ni watu kusimama, marudio ya picha, na matangazo ya biashara. Na hapo ndipo utajiri ulipo. Mikataba ya televisheni iliyosainiwa mwaka 2021 inazidi dola bilioni 100 kwa miaka 11, kwa kuwa kila mchezo ukisimama kuna mtu wa kuuza bia au gari. Kandanda ina dakika 45 zisizo na mwanya wa kuuza hata kibiriti. Kwa hiyo hesabu ya fedha aliyoileta mgeni wetu ni ya kweli, ila inatueleza namna Wamarekani wanavyouza mchezo wao nyumbani. Dunia imeupenda kiasi gani, hilo ni swali jengine. FIFA ilitangaza kwamba fainali ya Qatar ya mwaka 2022 iliwafikia watu karibu bilioni moja na nusu. Hata ukiipunguza hesabu hiyo kwa nusu, maana mashirika hupenda kujipamba, bado hakuna mashindano.

Kuna jambo jengine ambalo wachambuzi hulisahau: saa. Super Bowl huanza saa kumi na mbili na nusu jioni ya Jumapili kwa saa za New York. Kwetu hiyo ni saa nane na nusu ya usiku, na asubuhi yake ni Jumatatu, mtu ana duka la kufungua Darajani. Mechi za Uingereza za Jumamosi wakati wa baridi yao huanza saa kumi na mbili jioni ya kwetu. Adhana ya magharibi ikilia barza inapungua, watu wanaswali, wanarudi na kahawa, na bado wanakikuta kipindi cha pili. Mtu angedhani ratiba ile imepangwa na mwenyeji wa Kikwajuni.

Kuhusu sababu kubwa ya kandanda kuenea, sote tunaijua: Waingereza walikuwa na meli, benki, nyaya za simu na skuli, na kila walipotia nanga walishuka na mpira. Visiwa hivi vilikuwa chini ya himaya yao tangu 1890. Lakini tusiishie hapo. Kriketi nayo ilishuka kwenye meli zilezile, na haikupata kuingia vichochoroni. Na asitokee wa kusema kwamba Wamarekani hawajui kusafirisha mchezo. Mpira wa kikapu ulibuniwa na James Naismith huko Springfield mwaka 1891, ukaenezwa na YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, na mwaka 2009 Mtanzania Hasheem Thabeet alikuwa wa pili kuchaguliwa katika usajili wa vijana wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani. Kikapu kinataka ringi na mpira. Timu ya NFL inasajili wachezaji 53, kila mmoja na helmeti na mapande ya kukinga mabega, na bado watu wanaumia vichwa. Mzazi gani wa Makunduchi atamnunulia mwanawe vyote hivyo ili akagongwe? Kandanda inataka soksi kuukuu na matambara ya kujazia.

Mimi mpira wa Kimarekani naufananisha na mchezo wa ng'ombe wa Pemba. Siku ng'ombe anapotolewa, na ngoma zinalia, vijana wanamchezea kwa kitambaa, hakuna Mpemba wa kumwambia kuwa mchezo ule ni mdogo. Mgeni atakuja, atapiga picha, ataondoka bila kujua ng'ombe gani amecheza vizuri na yupi amezembea. Mchezo unaweza kuwa mkubwa kabisa pale ulipo na usiende popote, bila aibu yoyote.

Nilipoutoa mfano huo nilidhani nimemaliza. Binamu yangu akaniuliza: "Mara ya mwisho umelipa kiingilio kwenda kuwatazama Mlandege lini?"

Sikuwa na jibu. Mlandege hawa walichukua Kombe la Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na mwaka wa pili walimfunga Simba kwenye fainali. Jezi niliyovaa usiku ule ilikuwa ya Arsenal.

Hapa ndipo hoja yake ilipopata meno. Green Bay ni mji wa watu laki moja hivi, mdogo mno ukiulinganisha na Pemba yenye zaidi ya laki tano kwa sensa ya 2022, na timu yake ya NFL inamilikiwa na mashabiki wenye hisa tangu 1923. Chuo cha Michigan kina uwanja wa kukaa zaidi ya watu laki moja, wanaokuja kutazama wanafunzi. NFL yenyewe inamgawia mnyonge: timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayoanza kuchagua vijana wapya, na mishahara ina ukomo. Ulaya kwenye kandanda Bayern Munich ilichukua ubingwa wa Ujerumani mara 11 mfululizo, 2013 hadi 2023. Sisi tunasifu mchezo wa dunia nzima, kisha Ligi Kuu ya Zanzibar inachezwa mbele ya majukwaa yenye nafasi tele, hadi Simba au Yanga wavuke bahari mwezi wa Januari ndipo uwanja wa Amaan unafurika.

Na dunia hiyo yenyewe inatupokea nusu nusu. FIFA ina wanachama 211, Zanzibar hatumo. Machi 2017 CAF, shirikisho la kandanda la Afrika, ilitupa uanachama kamili, watu wakatoka barabarani, na Julai mwaka huohuo ikauondoa kwa hoja kwamba Zanzibar si nchi. Klabu zetu zinacheza mashindano ya Afrika, timu ya taifa haina mlango. Desemba ya mwaka huohuo timu hiyo isiyo na mlango ikafika fainali ya CECAFA, kombe la Afrika Mashariki na Kati, na kuitoa jasho Kenya kwao hadi penalti.

Bado simkubalii yote. Bila mchezo huu wa watu wote tusingekuwa na ubingwa wa CECAFA wa 1995 wa kusimulia, wala Feisal Salum asingetoka klabu ya JKU hadi kuvaa jezi ya Taifa Stars. Marekani wenyewe wanaona wanachokikosa. NFL imekuwa ikipeleka mechi London tangu 2007, ikaenda Munich 2022 na São Paulo 2024, ikafungua kambi za vijana Ghana na Kenya. Los Angeles 2028 toleo jepesi la mchezo wao litaingia Olimpiki: watu watano kwa watano, hakuna kuangushana, ukichomolewa kitambaa cha kiunoni mbio zimekwisha. Hilo naliona linaweza kuchezwa katika skuli zetu, wasichana kwa wavulana, maana halitaki helmeti. Kuipita kandanda, hapana, si katika umri wangu wala wa hawa watoto wa Jambiani.

Mgeni wetu amesharudi Ohio. Mpira wake ameuacha, na watoto wameupatia kazi: wanauweka mchangani kuwa alama ya katikati ya uwanja.