Sifuri ya nani?

Wiki iliyopita nimekaa saa nne nzima kwenye semina ya kuanza upya biashara. Viti vya plastiki, soda moja kwa kila mtu, na kijana mpole aliyetoka mbali na fomu zake. Mstari wa kwanza wa fomu: mtaji wa kuanzia. "Andikeni sifuri wote," akasema. "Ya jana yamekwisha. Leo mnazaliwa upya."

Mama mmoja muuza vitenge, jirani yangu, akaandika dola 340. Halafu akaweka alama ya kutoa mbele yake, akaikandamiza mpaka karatasi ikatoboka.

Nani aliwadanganya watu kwamba sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tunaanza na sifuri?

Tarehe 17 Januari 2002 volkano yetu, Nyiragongo, ilipopasuka, moto ulipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ulikula kanisa kuu, ukakata uwanja wa ndege, ukapita na kwetu. Tulilala Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na tuliporudi hakukuwa na kartie, mtaa wetu, kulikuwa na jiwe jeusi linalofuka moshi. Mama yangu aliitafuta parseli yake, kiwanja chake, kwa miguu. Pembe ya ukuta wa jirani ilikuwa imesalia, basi akaanza kuhesabu kutoka hapo, hatua 22, kandambili zikimlainika miguuni, akasimama. "Mlango ulikuwa hapa." Cherehani yake iko chini ya hapo mpaka leo, nasi tunalala juu yake katika nyumba ya mbao. Mji wetu ulipanda ghorofa bila ngazi.

Moto ulikula kila kitu isipokuwa deni. Mama alikuwa amekwisha kula zamu yake ya likelemba, mchango wa kupokezana, mwezi wa Desemba, na wenzake walikuwa bado wanangoja zao. Wakaja pale tulipohifadhiwa, wanawake tisa, na pole, na kilo mbili za sukari, na daftari. Nilikuwa mtoto, niliwachukia sana siku ile. Wakakaa, wakalia naye, wakafungua daftari. Mwezi uliofuata walewale wakamtafutia cherehani kuukuu. Msiniambie ni huruma tupu: walitaka pesa yao! Lakini nani anamnunulia cherehani mtu wa sifuri? Walimjua. Walijua hajaruka zamu hata moja kwa miaka sita. Alishona, akalipa, akamaliza katikati ya mwaka uliofuata.

Hiyo fomu ingeiandika wapi?

Ya 2021, mlima ulipopasuka tena, nisiiseme, tulikimbia tukarudi, godoro likawa limeibwa.

Mimi sasa. Nilikuwa na kiduka cha vifaa vya simu. Waasi wa M23 walipouteka mji na benki zikafunga milango, mwishoni mwa Januari 2025, akiba yangu ilikuwa humo ndani, na mzigo nilikuwa nimeuchukua kwa mkopo. Pesa ninayo, na sina. Kijana anasema niandike sifuri.

Haya, hakukosea yote. Alisema tuhesabu faida kila jioni kabla ya kugusa hata franka mia, na hilo mimi sikuwa nalifanya, nakubali, basi. Ila katika saa nne zile hakuna aliyetuuliza tulikuwa tunauza nini zamani. Nikamkumbuka dada yangu. Siku ya tatu ya msiba wa mume wake, viti vya kukodi bado viko uani, shemeji mmoja akamwambia, "Wewe bado mdogo, utaanza upya." Dada akamjibu, "Nianze upya na watoto wanne, au hao nao niwaandike sifuri?" Shemeji akaomba chai.

Fomu sikuirudisha. Nyuma yake nimeandika majina ya wanaonidai, kumi na moja, kwa kalamu nyekundu. Chini nimeandika wawili ninaowadai mimi. Mmoja amehamia Bukavu, hashiki simu.