Karma ya Buddha Haimhukumu Mgonjwa

Mtu akifilisika au akiugua ghafla, hakosekani wa kusema, "Hiyo karma yake." Neno hili la Kisanskriti limeingia katika mazungumzo yetu likiwa na maana moja tu, malipo: ulitenda, sasa zamu yako. Ukiuliza lilikotoka utaambiwa kwa Wahindu na Wabuddha, kana kwamba hao wawili walikaa wakakubaliana. Hawakukubaliana. Walibishana juu yake kwa zaidi ya miaka elfu moja, na katika mchanganyiko tulio nao sasa anayedhulumiwa zaidi ni Buddha. Anabebeshwa fundisho ambalo maandiko ya kale ya wafuasi wake yanamwonyesha akilipinga.

Tuanze na haki ya Wahindu, maana nao wana lalamiko lao. Katika Veda, maandiko yao ya kale kabisa, karma ni kazi ya ibada: kuwasha moto, kumimina samli, kutamka maneno bila kukosea. Wanazuoni wa Mimamsa, shule ya Kihindu ya kufasiri Veda, waliomfuata Jaimini, walisumbuliwa na swali moja: ibada inafanywa leo na kwisha, thawabu yake inakuja mtu akishakufa, ni nini kinachoziunganisha? Wakasema ipo nguvu isiyoonekana inayozaliwa na ibada yenyewe, wakaiita apurva. Kutokana na hapo imeenea hadithi nyepesi kwamba Wabrahmani, makuhani wa ibada hizo, waliishia kwenye taratibu za madhabahuni, ndipo akaja Buddha na maadili.

Hadithi hiyo inawaonea. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko ya Kihindu ya tafakuri, ambayo wanazuoni wengi wanaiona kuwa ya kale kuliko Buddha, mtu aitwaye Artabhaga anamuuliza mwalimu Yajnavalkya: mtu akifa, sauti yake ikaingia motoni, pumzi yake upeponi, jicho lake juani, yeye mwenyewe anakuwa wapi? Yajnavalkya hajibu mbele za watu. Anamshika mkono, wanajitenga, na andiko linasema walichozungumza huko ni karma: mtu huwa mwema kwa tendo jema, mbaya kwa tendo baya. Mbele kidogo kitabu hichohicho kinasema jinsi hamu ya mtu ilivyo ndivyo azma yake ilivyo, jinsi azma ilivyo ndivyo atendavyo, na atendavyo ndivyo anavyokuwa. Kwa hiyo moyo wa mtenda ulikwisha kutajwa. Bhagavad Gita nayo, utenzi mtakatifu wa Wahindu, pale mungu Krishna anapomwambia shujaa Arjuna kwamba haki yake ni kutenda na si kudai matunda, inalihamisha suala zima kutoka kwenye tendo la nje hadi kwenye namna mtu anavyolishika tendo lake.

Basi Buddha aliongeza nini? Aliongeza sentensi moja iliyohifadhiwa kwa Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, katika mkusanyiko wa hotuba zake uitwao Anguttara Nikaya: nia, enyi watawa, ndiyo ninayoiita karma, mtu akishanuia, hutenda kwa mwili, kwa maneno na kwa akili. Upanishadi iliiweka nia mwanzoni mwa safari inayofika kwenye tendo. Buddha aliifanya nia kuwa ndiyo tendo. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya India ya zama zake, walishika kinyume, wakasema tendo la mwili ndilo zito kuliko yote. Katika Majjhima Nikaya, mkusanyiko mwingine wa hotuba, kuna mjadala mrefu kati yake na Upali, mfuasi tajiri wa Wajaini, aliyekuja kumshinda kwa hoja hiyohiyo na akaishia kuwa mwanafunzi wake.

Wengi husimama hapo, wakaridhika kwamba Buddha alisisitiza dhamira. Ila uzito wa sentensi ile uko katika kile kinachofuata. Kama karma ni nia, basi karma ni jambo unalolifanya. Mafuriko yaliyokukuta hayakuwa nia yako, wala homa iliyokushika. Je, inaruhusiwa kurudi nyuma kutoka kwenye homa na kudai kwamba lazima kuna nia mbovu ya zamani iliyoizaa?

Swali hili Buddha aliulizwa waziwazi. Muulizaji ni mtembezi wa dini aitwaye Sivaka, na mazungumzo yamo katika Samyutta Nikaya, mkusanyiko wa tatu. Sivaka anasema kuna walimu wanaofundisha kwamba lolote mtu analolihisi, liwe raha, maumivu au hali isiyo raha wala maumivu, chanzo chake ni matendo ya zamani. Wewe unasemaje? Buddha anaanza kutaja vyanzo vya maumivu kama tabibu: nyongo, balghamu, upepo wa mwilini, vitatu hivyo vikichanganyika, mabadiliko ya majira, kutojitunza vizuri, kushambuliwa na wengine, na cha nane, tunda la karma. Kisha anasema kwamba wanaodai yote yanatokana na matendo ya zamani wanavuka yale wanayoyajua wenyewe, na wanavuka yale yanayotambuliwa ulimwenguni kuwa kweli. Wamekosea.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi na kila mara linanishika mahali palepale: chanzo cha saba. Mtu aliyepigwa ana maumivu kwa sababu kuna aliyempiga. Buddha angeweza kusema, kama walivyosema wengi baada yake, kwamba aliyepigwa alivuna alichopanda na mpigaji ni chombo tu. Hakusema hivyo. Aliyaweka mashambulizi kando ya karma kama chanzo kinachojitegemea, na kwa kufanya hivyo alimwachia mpigaji lawama yake yote. Mwanamke anayepigwa na mumewe, mtu aliyeporwa ardhi, mtoto aliyezaliwa utumwani: kwa orodha hii, hakuna mwenye ruhusa ya kuwaambia kwamba walijitakia. Mahali pengine katika Anguttara anakwenda mbali zaidi. Kama kila kitu ni matokeo ya zamani, anasema, basi hata muuaji anaua kwa sababu ya zamani, na hapo azma na juhudi ya mtu havina maana tena.

Hata pale anapokubali kwamba karma inazaa tunda, anakataa hesabu ya jino kwa jino. Donge la chumvi ukilitia katika kikombe cha maji hayanyweki; ukilitia katika mto Ganges hakuna atakayejua. Kosa dogo lilelile humfikisha mtu mmoja motoni na kwa mwingine likapita karibu bila kuonekana, kutegemea ukubwa wa maisha ya ndani aliyoyajenga. Aliyataja pia matokeo ya karma miongoni mwa mambo manne yasiyofaa kukisiwa, kwa kuwa anayeyakisia atapata wazimu na usumbufu.

Na alivyosema ndivyo alivyotenda. Vinaya, kanuni za watawa, inasimulia mtawa aliyekuwa akihara, amelala katika uchafu wake, wenzake wakimwacha kwa sababu hakuwa na msaada kwao. Buddha na mwanafunzi wake Ananda walimwosha kwa mikono yao, wakamlaza kitandani. Kisha akawaambia watawa kwamba hawana mama wala baba wa kuwauguza, hivyo wasipouguzana wao nani atawauguza. Anayetaka kunihudumia mimi na amhudumie mgonjwa. Aliuliza ugonjwa ni gani na nani anamtunza. Maisha yaliyopita ya mtawa yule hayakuguswa.

Upande wa pili hauwezi kufagiliwa, na sehemu yake ngumu zaidi imo ndani ya Ubuddha wenyewe. Katika Majjhima kijana aitwaye Subha anauliza kwa nini wengine ni maskini, wengine wana sura mbaya, wengine maisha mafupi. Buddha anajibu kwa kulitaja tendo kwa tendo: aliyeua anaishi muda mfupi, mwenye hasira anazaliwa na sura mbaya, bahili anakuwa maskini. Karne nyingi baadaye mwanazuoni wa Kibuddha Vasubandhu aliandika kwamba tofauti zote za ulimwengu zimezaliwa na karma. Na katika Apadana, kitabu cha Kipali cha visa vya maisha ya zamani, hata maumivu ya kichwa na mgongo ya Buddha mwenyewe yanapewa sababu katika dhambi za maisha yake ya zamani. Milindapanha, kitabu cha majibizano ya mtawa na mfalme Milinda, inashika njia nyingine: mtawa Nagasena anakikumbuka kisa cha Sivaka na kumwambia mfalme kwamba maumivu yatokanayo na karma ni machache, yaliyobaki ndiyo mengi. Wabuddha wenyewe, basi, waligawanyika.

Wahindu nao wana hoja ambayo Buddha hakuimaliza. Kama hakuna atman, nafsi isiyokufa, nani anayepokea tunda la nia ya jana? Jibu la Nagasena, kwamba azaliwaye upya si yuleyule wala si mwingine, halikumridhisha kila mtu. Vedanta, falsafa ya Kihindu iliyojengwa juu ya Upanishadi, ina mpangilio ulioshikamana zaidi: nafsi inayoendelea, na Mungu anayegawa matunda, kama Brahma Sutra, kitabu chake cha msingi, inavyosema. Tena si kweli kwamba Wahindu wote walimwachia mgonjwa lawama. Charaka, katika kitabu chake cha tiba, anagawa umri wa mtu kati ya yaliyotendwa zamani na juhudi ya sasa. Kama umri wote ungekuwa umepangwa, anasema, dawa zisingekuwa na kazi. Lakini jirani yake zipo sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinazosema mwizi wa dhahabu atazaliwa na kucha mbovu na mlevi na meno meusi, na Upanishadi ya Chandogya, inayowaweka wenye mwenendo mchafu katika tumbo la mbwa, la nguruwe au la mwanamke wa Chandala. Andiko hilo la mwisho lilimfanya mtoto wa tabaka la chini aonekane na hatia kabla hajatambaa.

Mtu aliyeuishi uzito huo ni Bhimrao Ambedkar, aliyezaliwa 1891 katika jamii ya Mahar, miongoni mwa waliohesabiwa wasioguswa. Tarehe 14 Oktoba 1956, mjini Nagpur, India, aliingia Ubuddha pamoja na mamia ya maelfu ya watu. Katika kitabu chake juu ya Buddha, kilichotoka 1957 yeye akiwa amekwisha kufariki, alikataa kwamba umaskini na tabaka ni tunda la maisha yaliyopita, akibakiza karma kama sheria ya maadili ya maisha haya. Wabuddha wengi wa jadi walimlaumu kwamba amekata kiungo cha dini. Siwezi kumfuata hadi mwisho: jibu alilopewa Subha limo katika maandiko yaleyale yaliyo na jibu la Sivaka, na anayeshika moja na kulitupa lingine anachagua. Ila ukinibana niseme ni nani aliyesimama karibu zaidi na yule aliyemwosha mtawa mgonjwa, kati ya Ambedkar na waandishi wa Apadana, namtaja Ambedkar.