Tafuta watu kumi na wawili kabla ya kufungua laptopu

"Kaka, nianze na Kotlin au Flutter?"

Swali hili la zana za kutengenezea programu za simu nimeulizwa mara nyingi hapa Lamu. Mara ya mwisho ilikuwa gatini, na aliyeuliza ni kijana wa mtaa wa Langoni, laptopu ameikumbatia kifuani. Nilimuuliza: watu wako kumi na wawili ni akina nani? Alinitazama tu. Ninayoandika leo ndiyo jibu nililotaka kumpa pale, ila mashua ya Mokowe ilikuwa inajaza na yeye alikuwa msafiri.

Anayefungua akaunti binafsi ya kuchapisha programu kwenye Google Play, duka la programu za simu za Android, sasa hawezi kuitoa hadharani moja kwa moja. Akaunti yoyote ya aina hiyo iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 lazima kwanza ifanye jaribio la faragha: watu 12 wakubali kuwa wajaribu, na wakae humo siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa 20, na idadi ikapunguzwa Desemba 2024. Vijana wengi wanalilalamikia sharti hili kama kodi ya kero. Wapo hata wanaouza wajaribu mtandaoni: unalipa, watu usiowajua wanaipakua programu yako, siku 14 zinapita, hakuna hata mmoja aliyekwambia neno.

Mimi nasema sharti hili ni zawadi, na anayenunua wajaribu amejinyima kitu bora kuliko vyote katika kazi hii. Kama huwezi kuwataja watu kumi na wawili unaowajua kwa sura, ambao wana shida ambayo programu yako itaitatua, basi bado huna programu. Huna haja ya kuchagua lugha ya kompyuta. Kwanza nenda ukakae barazani usikilize.

Nilichosikiliza mimi ni habari ya maji. Mtu anayetaka kwenda Pate, Faza au Kizingitini anajua kwamba safari yake inategemea Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara. Maji yakipwa, mashua yenye abiria na mizigo haipiti. Kwa hiyo mchana kutwa watu huulizana: maji yanajaa saa ngapi, nahodha anang'oa saa ngapi? Nikaona hapa pana kitu kidogo ninachokiweza: programu ya simu ya kuonyesha nyakati za maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kati ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika kama 25. Kwa mwaka mzima inakuwa mistari 1,410 hivi ya nyakati. Hilo ni faili dogo kuliko picha moja ya kamera, linakaa ndani ya programu bila kuhitaji intaneti. Kwetu hilo ni jambo kubwa, maana ukishaviacha visiwa vya karibu simu yako hubaki ikitafuta mtandao.

Msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta huyafuata, niliuandika kwa majuma matatu nikidhani nimemaliza. Kisha nikaenda kwa watu wangu kumi na wawili, na hapo ndipo kazi ilipoanza.

Wa kwanza alikuwa nahodha mmoja ninayemwita ami, mtu mzima aliyeanza bahari kabla sijazaliwa. Nilimpa simu. Skrini ilionyesha maji kujaa 7:10. Akaisoma, akanyamaza, akaangalia bahari, akaisoma tena. "Mwanangu, yeo mwezi tano. Saa saba Mkanda utakuwa mkavu." Alimaanisha leo ni siku ya tano ya mwezi mwandamo.

Nilihisi moyo umeniruka. Kompyuta iliandika 7:10 ikimaanisha saa moja na dakika kumi asubuhi. Yeye, kama mama yangu, kama kila mtu niliyemkusudia, alisoma saa saba na dakika kumi mchana. Hebu fikiria kilichomo ndani ya kosa hilo. Saa ya Kizungu na saa ya Kiswahili zimepishana saa sita. Na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kwa hiyo kila wakati niliouita wa kujaa, msomaji wangu angeusoma kama ule wa kupwa, na wa kupwa angeusoma kama wa kujaa. Ami anahesabu mwezi kwa vidole na hakudanganyika. Lakini mgeni kutoka bara, au mwalimu mpya anayehamia Siyu, kisiwani Pate, na godoro lake, angemwamini nani kama si simu?

Nilikuwa nimeiweka simu katika Kiswahili, maneno yote yakabadilika, saa ikabaki ileile. Dawa yake ni mistari michache: ndani ya faili weka wakati halisi, usiuguse; ni pale tu unapouonyesha ndipo uondoe saa sita kisha uandike asubuhi, mchana, jioni au usiku. Na kuwa macho na siku pia. Mtu wa Lamu akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kumaanisha usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya simu inauita Alhamisi. Katika masomo ya mtandaoni niliyopitia sikufundishwa jambo hili. Nilifundishwa na mjaribu namba moja, kwa dakika mbili, bila malipo.

Wengine nao walinipa yao. Mama anayeuza samaki alitoka na simu juani, akasema haoni kitu: nilikuwa nimetumia maandishi ya kijivu kwa sababu yanapendeza usiku chumbani. Sasa ni meusi, makubwa, juu ya nyeupe. Kijana wa mashua alinionyesha kwamba kidole chenye maji ya chumvi hakishiki kitufe kidogo.

Halafu kuna suala la akaunti, na hapa uvumilivu unahitajika. Kila mjaribu lazima awe na akaunti ya Google, anwani yake uiandike kwenye orodha, naye afungue kiungo na kukubali. Wenzangu kadhaa hawakujua anwani zao. Ukigusa ile duara ya juu ndani ya Play Store, anwani hutokea. Kwa bibi mmoja ilitokea ya mtu asiyemjua, ambaye bila shaka ndiye aliyemfungulia simu siku aliponunua. Tulikaa barazani kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi tukimfungulia ya kwake, nywila akaandika mwenyewe katika daftari lake. Sikuona kwamba nimepoteza muda. Sajili watu 15 ukiweza, maana mmoja akijiondoa hesabu yako ya siku 14 inayumba.

Na siku hizo zikiisha, Google inakuuliza maswali kabla ya kukuruhusu: wajaribu uliwapataje, walikwambia nini, ulibadilisha nini? Aliyenunua wajaribu hapa hutunga. Mimi niliandika habari ya saa saba na Mkanda.

Sasa zile za ufundi, ambazo vijana huziogopa kuliko inavyostahili. Kotlin au Flutter, chagua yoyote. Google iliitambua lugha ya Kotlin rasmi kwa ajili ya Android mwaka 2017. Flutter, inayotumia lugha ya Dart, ilifikia toleo la 1.0 Desemba 2018, nayo hukuwezesha kutengeneza ya Android na ya iPhone kwa msimbo mmoja. Kwa iPhone utahitaji kompyuta ya Mac na dola 99 kila mwaka, kwa hiyo mimi nimeiacha kwanza. Simu ninazoziona gatini karibu zote ni Android. Google Play inatoza dola 25 mara moja tu. Kama huna kadi ya benki, M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni tangu 2022.

Laptopu iwe na RAM ya GB 8 angalau. Usiilazimishe kuigiza simu ndani yake, italemewa; chomeka simu yako halisi. Ingia kwenye mipangilio, tafuta nambari ya muundo (Build number), iguse mara saba, na simu itakwambia umekuwa msanidi, yaani mtengenezaji wa programu. Kisha ruhusu utatuzi kwa USB (USB debugging), ili laptopu iweze kuweka programu yako kwenye simu.

Mawili usiyafanyie haraka. Kitambulisho cha programu, kile kinachoanza na com na nukta, hakibadiliki ukishachapisha, na kikianza na com.example hakikubaliwi kabisa. Na ufunguo wa kutilia sahihi, faili la siri linaloonyesha kwamba programu imetoka kwako, uuwekee nakala mbili, moja nje ya laptopu. Siku hizi ukiupoteza Google inaweza kukubali ufunguo mpya wa kupakia, lakini utasubiri, na watu wako watasubiri nawe.

Jina la dukani lisizidi herufi 30, maelezo mafupi yasizidi 80, na uyaandike kwa Kiswahili. Duka linaruhusu. Nasikitika ninapoona kijana wa hapa anaieleza programu ya watu wa hapa kwa Kiingereza peke yake.

Ukishachapisha, jua umejifunga. Kila mwaka Google inapandisha toleo la Android ambalo programu lazima ilenge, na usipoisasisha, wenye simu mpya hawataiona. Jedwali langu la maji nalo huisha Desemba. Kwa hiyo kila mwisho wa mwaka nina kazi, na ami hunikumbusha kabla sijakumbuka.

Kijana wa Langoni alirudi juzi na karatasi yenye majina tisa, wote wachukuzi wa punda, na shida yao ameielewa vizuri kuliko ningeweza mimi. Nimemwambia aongeze majina matatu, kisha aje barazani baada ya alasiri na laptopu na waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi zinazouzwa madukani huchaji tu.